Gramafoni Iliyotangulizwa

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Mkwe wangu na mjukuu hawajambo? Mimi mzima wa afya, ila miguu haitulii. Tangu uliponiandikia nije nikae nanyi, asubuhi nafunga sanduku, jioni nalifungua kutafuta mkasi. Wateja wanadai magauni yao nami nimeshaifunika cherehani.

Nimetanguliza gramafoni ya marehemu baba yako kwa gari la mizigo. Iwekeni sebuleni. Kila Jumamosi itieni ufunguo, mpige japo sahani moja ya muziki, springi isije ikakakamaa. Tangu baba yako atutoke sijaikosesha Jumamosi yake. Mkishaizoea, nami nitafuata. Sikufichi, nataka nijue kwanza kitu kizee kinapokewaje huko kwenu.

Niandikie imekaa wapi.

Mama yako

20 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, mjukuu wako anatambaa na kuvuta kila kitu.

Gramafoni imefika salama. Tumeiweka chini ya dirisha, mke wangu kaipaka mafuta, inang'aa mpaka wageni wanasahau televisheni. Haruhusiwi mtu kuigusa. Kuipiga bado, maana jirani wa chini anafanya kazi usiku, mchana analala.

Uje upesi.

Mwanao

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mchungeni mtoto na jiko.

Huyo jirani hulala siku zote, hata Jumamosi jioni? Tieni soksi ndani ya tarumbeta ya gramafoni, sauti itapungua. Ndivyo baba yako alivyofanya kichwa kilipokuwa kikiniuma. Kitu cha kung'aa tu bila kusema ni kikombe cha kabatini, na vikombe mnavyo.

Mimi bado nahangaika. Nilipeleka kitanda changu kwa seremala akikaze, nikakirudisha kabla hajamaliza. Ile meza ya gramafoni naipangusa vumbi kila siku, na juu yake hakuna kitu. Nijibu mapema.

Mama yako

6 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Unisamehe kwa kukawia, hotelini wageni wamejaa na pale mapokezi nimebaki peke yangu.

Mtoto aliivuta gramafoni, nusura imwangukie. Basi tumeifungua tarumbeta, ipo uvunguni ndani ya mfuko, na kasha lake lipo juu ya kabati, limefunikwa shuka safi. Usiwe na wasiwasi. Pale haimsumbui mtu, wala hakuna wa kuisumbua.

Chumba chako nacho kiko tayari, kile cha nyuma, kimya kabisa. Hakuna atakayekusumbua. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nikate tiketi ya lini?

Mwanao

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru mtoto hakuumia. Mkwe wangu usimlaumu, nyumba yenye mtoto ina sheria zake, na mimi nililea, najua.

Lakini tiketi usikate. Habari za hicho chumba nilizisoma nikacheka, kisha nikalia. Umezoea kupokea wageni, ukanipokea na mimi kwa maneno yaleyale. Mimi nina kelele, mwanangu. Cherehani yangu inapiga kelele, nikishona naimba, nikipika nagonga masufuria. Kwenu nitaanza kunyata, halafu nitanyamaza, na siku moja mtanifunika shuka safi nikiwa bado napumua. Naogopa hilo kuliko upweke.

Leo nimeifunua cherehani. Gauni la mwalimu limekwisha, anakuja kulichukua, na miguu imetulia kidogo.

Gramafoni nirudishie, ila usiitume. Ilete mwenyewe, uje na mkeo na mtoto, aivute atakavyo, nitakuwa nimeishikilia. Meza yake ipo wazi. Na kitanda chako cha utotoni kipo palepale sebuleni ulipokiacha. Wateja wananiambia kinabana njia, nami nawaambia wapite kwa ubavu.

Mama yako