Nilisema "Ikivuka", Sikusema "Ikishinda"

Mtani wangu Athumani,

Mzaramo wee, umetuacha na balaa. Timu ya taifa imevuka makundi. Hii hii yetu. Na haijashinda mechi hata moja.

Najua hapo ungenikatiza. Hata mimi sielewi. Tumefungwa mechi moja, tumetoka sare mbili, pointi mbili tu, eti tumo kwenye timu bora za nafasi ya tatu. Nimemuuliza muuza kahawa, nimemuuliza yule mwalimu wa hesabu anayenunua ndoo kwangu. Kila mmoja ananipigia mahesabu yake, mwisho anacheka. Mtaa mzima wa Kongo watu walikumbatiana. Mimi nilisimama katikati ya mabeseni yangu, sijui nishangilie au nilie. Nikageukia meza yako ya viungo nikuulize. Siku hizi pale panauzwa kava za simu.

Lakini shida yangu si mahesabu. Shida ni jezi.

Siku ya msiba wako nilifanya kazi yangu ya utani. Mzaramo akifa, sisi Wanyamwezi ndio wenye ruhusa ya kucheka. Nikaichukua jezi yako ya taifa kwenye kamba, nikaivaa juu ya shati, nikakuigiza unavyogombana na redio: "Piga! Piga basi, unamsubiri nani, mkweo?" Waliokuwa wakilia wakacheka, kisha wakalia upya. Shemeji akataka nimrudishie jezi ya mumewe. Nikamjibu mbele ya watu wote: "Nitairudisha siku timu ikivuka makundi." Msiba mzima ukaangua kicheko, maana kila mtu alielewa kwamba hairudi.

Jana shemeji kanitumia ujumbe: "Mnyamwezi kajifunga mwenyewe. Alete jezi."

Sijui anatania au ni kweli. Nimejitetea peke yangu hapa dukani: jamani, bila kushinda, huku nako ni kuvuka? Lakini nilisema ikivuka, sikusema ikishinda. Mdomo umeponza kichwa.

Acha nikwambie jambo ambalo sikulisema msibani. Ile jezi sijaifua. Kola yake bado inanukia iliki na pilipili manga, harufu yako. Naiweka kwenye ndoo yenye mfuniko, na asubuhi kabla sijapanga bidhaa nafunua kidogo, halafu nafunika haraka isiishe. Siku ile niliwachekesha wote, mimi mwenyewe sikupata nafasi ya kukulilia. Nilichagua siku niliyoamini haitafika, Athumani, ili usinitoke. Nayo imefika. Kwa sare mbili!

Nimekasirika, nimefurahi, sijui nimeanza na lipi. Nilitaka hata kumwambia shemeji imepotea. Kisha nikafikiri, huyu mwanamke ameishi na hiyo harufu miaka yote, na mimi nimeifungia kwenye ndoo ya plastiki. Nimeona aibu. Nikishafunga duka leo naipeleka, vilevile bila kuifua.

Jumapili tunacheza na wenyeji wa mashindano. Kuna wanaosema tunaweza, kuna wanaosema tutapigwa tano. Mimi sijui. Zamani nilikuwa na uhakika tutafungwa, nikala na kulala vizuri. Sasa nina matumaini na chakula hakipiti.

Nakuahidi kitu kimoja. Mechi nitaiangalia nyumbani kwako, mtaa wa Gerezani, nikae na shemeji na binti yako Salma. Na safari hii nikilia sitamwigiza mtu, nitalia kwa sauti yangu.

Pumzika, Mzaramo. Na Jumapili ukisikia kishindo, usikurupuke ukadhani ni Kiyama. Ni sisi, tumefunga goli.

Mtani wako,
Mnyamwezi wa ndoo