Taya la Yaya Ngoie

Siku ya pili ya juma, 2 Machi 1954
Vidonda, sindano, vidonda. Treni ya Bukama imeleta wagonjwa wengi. Kati yao dada yangu mkubwa, Yaya Ngoie, amefunika shavu kwa kitambaa. Taya la kulia limevimba, gumu kama jiwe. Haliumi. Munganga, daktari mkuu wa hospitali yetu, alimtazama akiwa mlangoni: jino bovu. Nikang'oa mawili kwa amri yake. Yote mazima. Nina hasira.

Siku ya kwanza ya juma, 15 Machi
Uvimbe umezidi. Nikibonyeza mfupa, sasa unaingia ndani kama ganda la yai. Nikachoma sindano. Maji ya manjano, yanametameta. Si usaha. Ni mfuko wa maji ndani ya mfupa. Niliwahi kuuona mara moja tu, katika kitabu, nilipokuwa nasomea kazi hii. Jino lisiloota hulala humo, na mfuko unakula taya polepole. Nikaomba picha ya mifupa. Munganga akacheka.
“Weye iko infirmié. Munganga njo minyi.” Mimi muuguzi tu; daktari ni yeye.

Siku ya nne, 25 Machi
Nimeomba tena. Hapana. Ameandika vidonge. Nilijua havifai kitu, nikampa dada yangu kwa mkono wangu. Mwoga mimi.

Siku ya posho, 10 Aprili
Taya limevunjika. Alikuwa kwangu, anatafuna muhindi wa kuchoma. Mke wangu alisikia mlio akiwa uani.
Sasa ndipo picha ikapigwa. Shimo jeusi, jino limelala ndani. Munganga hakuniangalia usoni.

Siku ya tatu, 14 Aprili
Tumempasua. Sindano za ganzi, mimi nimemshika kichwa. Machozi yake yalinilowesha mikono. Munganga aliutoa mfuko wote bila kuuchana. Ana mkono mzuri, siwezi kukataa. Hilo linaniuma zaidi. Akafunga meno kwa waya ili mfupa uunge.
Mchana akawaambia wageni wake kwamba aliutambua ugonjwa tangu siku ya kwanza. Nilikuwa pale pale, naosha vyombo. Namchukia.

Siku ya Mungu, 30 Mei
Waya zilitoka juzi. Mfupa umeunga. Uso umepinda kidogo.
Baada ya misa tulikaa uani, mimi na dada. Akasema polepole, mdomo bado mzito:
“Ndugu, ulijuaka?”
“Ndiyo, yaya. Nilijuaka.”
Akavuta sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akala kwa upande wa kushoto, matonge madogo madogo. Nilikaa naye mpaka akamaliza.