Milingoti ya Kinyunguni

Njombe, Jumapili, 8 Juni

Mpendwa Tumaini,

Sisi wazima, ila nyumba imepoa tangu tumzike babu yako. Umeniuliza, kwa ajili ya mradi wenu wa sayansi huko Makambako, kwa nini chemchemi ya kinyungu chetu, bustani yetu ya bondeni, ilikauka.

Tulipooana, babu yako alipanda milingoti, ile mikaratusi mirefu, kuizunguka chemchemi hiyo, akitaka nguzo za nyumba. Mimi nilimshikia miche. Mama yake akasema, "Wanangu, miti hiyo inakunywa kuliko ng'ombe." Tulicheka.

Maji yalipokwisha, babu yako alishuka kila asubuhi kuchimbua tope kwa mikono.

Andika ukweli, mjukuu wangu. Ila ukitaja jina lake, taja na langu. Nawe unikumbuke mnapopima maji.

Bibi yako