Mashini Ndogo Ambayo Sikuiandika

Mpendwa Mama Kapinga,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na nakusihi jina langu lisionekane gazetini, maana mimi ni karani na nina miaka ishirini na miwili tu. Baba yangu, Asani, alikaanga kahawa miaka kumi na tisa katika duka la Mgiriki mmoja hapa mjini, na maduka ya wageni yalipochukuliwa na kupewa wananchi, ofisi yetu ndiyo iliyotumwa kuandika vitu vilivyokuwamo, mkubwa wangu akitembea na kutaja, mimi nikipiga chapa. Asubuhi hiyo baba alikuwa ameniambia kwamba yule Mgiriki, kabla ya kwenda Luano kupanda ndege, alimshika mkono akamwambia achukue ile mashini ndogo ya kukaangia iliyokuwa nyuma, yenye pipa la kuzungusha kwa mkono, kwa ajili ya miaka yake yote, lakini hakumwandikia hata neno moja. Basi mkubwa wangu alipotaja mashini kubwa niliandika namba kumi na tatu, na alipotaja ile ndogo nikapiga kumi na nne, vidole vikakataa, nikaacha nafasi tupu na kuendelea na kumi na tano, mizani. Mkubwa akatia sahihi bila kusoma. Kesho yake baba na kaka yangu Kasimu wakaileta mashini nyumbani kwa mkokoteni, imefunikwa mkeka.

Tangu hapo sisi ni familia ya kahawa. Mama yangu, Adija, anachambua buni kwenye ungo, baba anazungusha pipa amefumba macho, kwa sababu anasikiliza: buni zikianza kulia kama mvua ya kwanza kwenye bati, anahesabu pumzi zake, kisha anazimwaga. Kasimu anatwanga, nami nikirudi kazini naandika jina letu kwenye pakiti. Sikuwahi kumsikia baba akiimba kabla ya mwaka huu. Watu wanakuja kutoka mbali kama Kasapa kufuata kahawa yetu, na hapo ndipo hofu yangu ilipo, Mama, kwa sababu harufu ya kahawa haina mlango wa kufungia.

Duka la Mgiriki alipewa citoyen, yaani mwananchi, Jeannot, ambaye kwenye kadi sasa ana jina la babu yake, kwa kuwa majina ya Kizungu yamekatazwa, lakini mtaani bado ni Jeannot, naye anaunguza kila gunia na wateja wamemkimbia. Jumamosi alikuja kwetu, akaketi, akamaliza kikombe kizima, kisha akasema, "Hii kahawa iko na mukono ya Asani. Mashini iko wapi, mama?"

Mama yangu akamjibu, "Mashini gani, papa? Siye tunakalangaka mu sufuria."

Akaokota punje moja kwenye ungo, akaizungusha kati ya vidole, akacheka. "Sufuria inaunguzaka upande moja, mama. Hii iko sawasawa pande yote. Miye sijue kukalanga, lakini macho niko nayo."

Ana karatasi ya zamani ya Mgiriki yenye mashini mbili, na amesema Ijumaa atakuja ofisini kwetu aombe orodha ili alinganishe. Kasimu anataka mashini ipakiwe kwenye lori la samaki linalorudi Pweto, kwa mjomba. Baba anasema, "Nilipewa. Sitaihamisha kama mwizi." Na mimi, naungama kwako, jana niliitoa orodha kwenye faili, nikaiingiza tena kwenye mashini ya kuandikia, ili pale penye kumi na nne niandike "kabati bovu", ndipo nikasikia viatu vya mkubwa wangu mlangoni. Niandike kabati, Mama? Au tuipeleke Pweto? Nikisema kweli nitafukuzwa, baba anaweza kufungwa, na ule moto wa nyuma ya nyumba utazimika. Nitapita mapokezini kwenu Jumatano kuchukua jibu.

Karani mwenye hofu, Kamalondo

Binti yangu,

Futa machozi, halafu toa mikono kwenye faili hiyo. Nafasi tupu ni kosa la mtu aliyeogopa. Kabati ambalo halikuwapo ni uongo wa mtu aliyekusudia. Pweto nako msahau: mashini ikikamatwa chini ya samaki, nani ataamini kwamba ilikuwa zawadi?

Nakuhurumia, na nimekukasirikia. Baba yako alikuwa na neno la kweli mkononi, wewe ukalifunika mkeka. Ungeandika tu, "Mashini ndogo, Asani asema alipewa," wakubwa wangebishana wao kwa wao. Karani haamui kitu ni cha nani. Anaandika kwamba kipo. Shule yote hiyo, na hilo hukulijua?

Sasa sikiliza. Alhamisi asubuhi mashini ipande mkokoteni bila kufunikwa, ipite barabara kubwa hadi ofisini kwenu, baba yako akitembea kando yake amevaa vizuri. Mwambie mkubwa wako: namba kumi na nne ni hii, niliiruka kwa woga. Mkubwa naye alitia sahihi bila kusoma, kwa hiyo hatapiga kelele sana. Baba aeleze alivyopewa, na amtafute aliyesikia. Duka lenye wafanyakazi halikosi masikio. Unaweza kufukuzwa. Sitakudanganya.

Na mashini inaweza kwenda kwa Jeannot. Lakini miezi yote hii ana ile kubwa, amekaanga nini? Makaa. Chuma anacho, masikio hana. Atakuja kumwomba Asani, na siku hiyo baba yako asikubali kumfundisha mtu kusikiliza buni mpaka ile ndogo iwe yake kwa karatasi yenye muhuri. Kwa sasa mama yako ameshatangaza kwamba mnakaanga kwa sufuria. Basi ajifunze kukoroga upesi.

Jibu hili utalisoma wewe kwanza. Gazeti litalichapa mambo yakiisha, kwa majina mengine. Barua yako nimeinakili kwa mkono na kuichoma jikoni. Uliipiga chapa ofisini, binti, kwa mashini ambayo herufi yake ya "k" imekatika mguu. Barua za ofisi yenu hutufikia hapa kila wiki, nikakujua kabla ya mstari wa tatu. Na Jeannot alisema mwenyewe kwamba macho anayo.

Alhamisi, basi. Si Ijumaa.

Mama Kapinga