Waliyomfundisha Maimuna Skuli

Jumatatu, 9 Shaabani 1376 (11 Machi 1957)

Nimechambua mchele, nimefua, nimeshona kofia mpaka macho yakaona mbili mbili. Mume wangu, Bwana Athmani, anazitaka dukani kabla ya Ramadhani. Anataka yeye, vidole vyangu mimi.

Mwanangu Maimuna amerudi skuli adhuhuri na hakusema neno. Siku zote kasuku huyo huanzia ngazini. Leo ameweka vitabu, ametawadha, amesali, amekaa kitako. Nimemshika paji la uso. Hana homa.

Alasiri nikapata habari. Bi Khadija, binti wa ami yangu, amevuka wikio, lile daraja la juu baina ya nyumba yake na yangu, akaingia bila hodi. Yule mwalimu mgeni wa Unguja, Rukia, leo amefunga mlango wa darasa la wasichana wakubwa akawaeleza habari za damu. Damu ya wanawake. Na mimba inavyoingia. Watoto wetu wamekaa madawatini wanasomeshwa hayo kama hesabu.

Sijawahi kusikia kitu kama hiki. 

Jumanne, 10 Shaabani

Mji mzima unajua. Asubuhi mwalimu alikuwa amesema. Adhuhuri alikuwa amechora ubaoni. Magharibi keshachora mume na mke. Tukingoja kesho tutaambiwa alileta na mtoto mchanga.

Wanaume wamejaa kwenye daka letu, baraza ya mlangoni, na sauti zao zinapanda mpaka chumbani. Wanataka arudishwe kwao kwa chombo cha kwanza. Sauti ya Bwana Athmani iko juu ya zote. Kisha akapanda.

"Mwanao alikuwako?"

"Siyui."

"Mwulize."

Rahisi kwake. Mama hamwulizi mwanawe mambo haya, wala hamwambii. Kazi hiyo ina mwenyewe, ndiye somo. Mamangu hakunifungulia mdomo mpaka anaingia kaburini. Nilipovunja ungo somo wangu alinitazama uso akajua, akanichukua kwake, akanifunza kwa nyimbo na maneno nusu nusu mpaka nikaelewa. Au nikajidai nimeelewa. Somo wa Maimuna ni Bi Khadija. Nilimchagua mapema, naye amekuwa akiisubiri siku hiyo kama sikukuu.

Na sasa msichana asiye na mume wala mtoto anatutangulia. Nimekasirika mpaka nimeunguza mikate ya mofa, yote.

Alhamisi, 12 Shaabani

Nimevaa buibui nimekwenda kumpasha mwalimu. Amepanga chumba kwa mjane mmoja upande wa Langoni. Mwembamba, ana miwani, kitanda kimejaa madaftari ya watoto. Akanitilia kahawa. Nikamwambia yote niliyokwenda nayo, na mengine niliyoyapata njiani. Akasikiliza. Hilo lilinichoma zaidi. Nilitaka ajibu ili nipate la kuongeza.

Nilipoishiwa ndipo akasema. "Bi Zena, kuna mtoto alinijia analia. Alidhani ameumia ndani kwa ndani, atakufa. Yuko hivyo tangu mwaka jana na hajamwambia mtu. Nikaona pengine wako na wenziwe."

Mwana wa nani? Hakunitajia. Alisema akimtaja mmoja, hatakuja mwengine.

Nikamwambia mtoto huyo ana mama, ana somo. Akasema hao ndio mtoto anaowaogopa. Akijulikana atatiwa utawani, na skuli ndiyo basi.

Na ni kweli. Ndivyo tufanyavyo. Msichana akishakuwa, hukaa ndani akingoja mume. Mimi mwenyewe nilikaa. Nimeshuka ngazi kahawa sikuimaliza. Njia nzima nilikuwa nikimhurumia mama wa huyo mtoto. Mama gani huyo, asiyeona?

Jumamosi, 14 Shaabani

Nimepanda jiko la juu kuchukua kuni. Nyuma ya kuni kuna vitambaa vimeanikwa, vimefichwa jua na watu. Leso yangu ya zambarau. Nilidhani imepotea kwa dobi. Imechanwa vipande, imefuliwa vizuri kuliko kitu chochote Maimuna alichopata kufua katika nyumba hii.

Nimekaa chini hapo hapo jivuni. Mama asiyeona ni mimi.

Tangu mwaka jana. Na mwaka mzima amesimama kando yangu kwenye mswala akisali na damu yake, kwa kuwa akiacha nitauliza. Akienda chuoni akishika msahafu. Akisafika haogi josho la kujitoharisha, maana hajui kuna josho. Hakuna aliyemwambia. Mlango huo wa hedhi kitabuni mimi niliusoma utotoni kwa Kiarabu, sote kwa pamoja, wavulana na wasichana, tukiyumba na kuimba. Nilisifiwa kwa sauti yangu. Sikujua tunasoma nini. Na yeye ameusoma vivyo hivyo, chuo hicho hicho.

Sijui nimkasirikie nani. Nimeanza na mwalimu, nikaja kwa Maimuna, nikaja kwa Bi Khadija. Mimi nilisema somo ataona. Yeye kila mara husema, mama ndiye ataashiria. Tumekaa tunangojeana, na mtoto yuko kati anadhani anakufa.

Jumatatu, 16 Shaabani

Bi Khadija amekuja na halwa. Ameniuliza waziwazi. "Bi Zena, mwana mekuwa?"

"Bado."

Limetoka lenyewe, hata sikumeza mate. Sijapata kumwongopea Bi Khadija.

Nikisema ndiyo, kesho kutafukizwa udi na kuimbwa, na Maimuna ndani. Naye ndiye wa kwanza darasani. Humsomea babake maandishi ya Kizungu kwenye robota za nguo dukani, na Bwana Athmani huita wateja waje wamsikilize, kisha akija nyumbani husema kusoma kunampumbaza mtoto.

Nikisema bado, Ramadhani hiyo inakuja. Atafunga na damu ili asijulikane. Haifai, haikubaliwi, na mwenye kujua sasa ni mimi. Dhambi imenihamia mimi.

Naogopa. Sijui kitu kingine cha kuandika leo.

Jumatano, 18 Shaabani

Nimesema naye.

Tulikuwa tunachambua mchele, sinia moja, macho yote manne kwenye mchele. Nikamwambia nimeiona leso yangu. Mkono wake ukaendelea kutoa mawe, tena haraka. Kisha machozi yakaanza kudondoka mle mle siniani, na mimi sikuweza kumtazama. Nimemzaa mwenyewe, na sikuweza kumtazama.

Anajua mengi kuliko nilivyofikiri. Mwalimu amemwambia si ugonjwa. Amemwonyesha kujisafisha na kujistiri. Amemwambia mwili wake sasa ni wa kutunzwa na si mtu yeyote wa kuuchezea. Hakuchora chochote ubaoni. Walipomuuliza habari za sala, aliwaambia mambo ya ibada waulize nyumbani.

Kwa heshima yetu alituachia hilo. Na nyumbani aulizwe nani?

Basi nimemwambia mimi. Ukiwa na damu husali, hufungi, hushiki msahafu. Ukisafika unatia nia unaoga josho. Saumu utalipa, sala za siku hizo hulipi. Nimeyasema makavu, bila wimbo wala maneno nusu nusu. Masikio yaliniwaka moto. Ilikwisha upesi ajabu. Kitu tunachokikimbia miaka yote hakikuchukua hata sinia moja ya mchele.

Akaniuliza zile sala za nyuma zitakuwaje. Nikasema nitauliza kwa wajuao. Kisha akanishika leso.

"Mama, usimwambiye somo. Nitatiwa ndani."

Sikumwahidi.

Ijumaa, 20 Shaabani

Jana wanaume walikwenda kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, na Bwana Athmani ndiye aliyekuwa msemaji. Wamekubaliwa. Mwalimu atahamishwa, na masomo yale hayatarudiwa.

Leo bwana amekula vizuri, akaongeza wali. Kila tonge anasema tumeilinda nti yetu na watoto wetu. Nami nilikuwa pale, namsogezea mchuzi. Ningeweza kumwambia nilichokiona nyuma ya kuni. Nilisogeza mchuzi tu. Nimejichukia.

Ninajiuliza kweli kweli, humu daftarini ambamo hapana wa kunisikia. Je, nataka abaki? Hata sasa sipendi. Sipendi mtu asiyetujua amweleze mwanangu mambo ya ndani, mlango umefungwa, mimi niko kwangu nashona kofia. Roho inakataa. Lakini angetungoja sisi, Maimuna angekuwa bado analia peke yake. Yote mawili ni kweli na hayakai pamoja. Nimeyageuza tangu alasiri, nimechoka nayo.

Jumapili, 29 Shaabani

Mwalimu amesafiri asubuhi. Wasichana wamekatazwa kwenda kumuaga. Maimuna amekaa dirishani hata jua lilipomfika usoni hakuondoka.

Bi Khadija ameniuliza tena. Safari hii nimemwambia kweli. Ameshakuwa, zamani. Nimemfunza mwenyewe. Na simtii ndani mpaka amalize darasa.

Alinitazama kama niliyemtemea mate. "Basi mimi ni wa nini?"

Nikamwambia bado ni somo wake, ataolewa siku moja na yako mengi ya kumfunza. Hakutaka. Akasema mimi na yule wa Unguja ni kitu kimoya. Akavuka wikio, nikasikia komeo upande wake. Mlango ule haujapata kukomewa tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Tumepitishiana humo uji, watoto, maiti wetu wa kuoshwa. Nimelia mpaka kichwa kimeniuma.

Hatamwambia Bwana Athmani, hilo najua. Mambo haya wanawake hatuwapelekei wanaume. Kumwambia kumebaki kwangu, nami sijui nianzie wapi.

Alhamisi, 10 Ramadhani

Leo alfajiri Maimuna hakusimama kusali. Alinitazama tu. Nikaitika kwa kichwa.

Adhuhuri nikampandisha jiko la juu, nikamwekea mkate wa jana, kipande cha samaki na maji. Akakataa kula. Anamwogopa babake. Sisi sote humeza maji nyuma ya mlango tukiwa udhuruni, kisha twajipangusa midomo tukatoka na nyuso za saumu. Mamangu alifanya hivyo. Mimi nafanya hivyo. Leo nimemwambia kaa chini ule kama mtu. Huna kosa. Mungu mwenyewe ndiye aliyekuruhusu. Nilikuwa nasema na yeye na nasema na mimi.

Basi ndipo Bwana Athmani akapanda kutafuta ufunguo wa ghala. Hapandi kamwe jikoni, na leo akapanda.

Akamkuta mwanawe, Ramadhani, mchana kweupe, mkate mdomoni. Maimuna akaacha kutafuna. Mimi nikainuka nikasimama baina yao, mwiko mkononi, sijui ningeufanyia nini. Nikasema, "Bwana, mwana yuko udhuruni." Basi. Maneno matatu manne, niliyoyatafuta mwezi mzima.

Akanitazama. Akautazama mkate. Uso wake ulibadilika, haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu nyuma, siku moja moja, mpaka kwa Bwana DC. Akakohoa. Akashuka polepole, ufunguo hakuuchukua.

Magharibi tumefuturu. Bwana Athmani alijitilia tende mwenyewe.

Jumamosi, 12 Ramadhani

 Jana barazani wenziwe walimwita Bwana Athmani aketi nao, akasema ana kazi. Leo amerudi kutoka dukani na kitambaa cheusi, kile kizuri kisichochuja, ambacho huwa hamkatii mtu wa nyumbani. Amekitupa kitandani huku anavua kofia, mgongo kwangu.

"Mshonee buibui. Akenda skuli asende kitwa wazi."

Hakusema mpaka lini. Sikuuliza. Yakiulizwa sana haya huharibika.

Mwalimu mwengine hajaja. Wasichana wanafunzwa kudarizi tu, na kusoma kidogo. Bi Khadija bado hajafungua. Nimempelekea sahani ya sambusa kwa mlango wa mtaani, sahani imerudi imeoshwa, haina salamu.

Alasiri nimempima Maimuna. Ametulia, si kawaida yake. Nikiwa nimepiga magoti nashika pindo, akaniambia Salma, mwenzake wa darasani, anaomba kuja kesho. Ana jambo anataka kuuliza. Si kumuuliza yeye. Kuniuliza mimi.

Nikamwuliza, mamake anajua kuwa anakuja?

Akatikisa kichwa. Namjua mamake Salma. Namjua na babake, huketi daka moja na Bwana Athmani. Nikakunja pindo mpaka mwisho, nikabana pini. Ilikuwa karibu na adhana.

Nimesema aje.