Benchi Moja na Mkwe Wangu

Jumatatu, 3 Agosti
Viatu tumeviacha mlangoni tena. Soksi yangu ina tundu kwenye kidole gumba na leo nimekataa kuificha. Waangalie. Vumbi la hapa Somanda linaingia dirishani kutwa nzima, lakini adui wa kompyuta ni viatu vyetu!

Amri za kile kioo cheusi nimezishika. Kuorodhesha faili, kuingia folda, kunakili, kufuta. Vidole bado vizito. Jaribio ni Ijumaa ya wiki ijayo, na anayefeli anaondolewa chuo kikuu moja kwa moja. Nimeisubiri nafasi hii ya kusoma mpaka nimekuwa bibi. Sirudi kijijini Ngulyati kuchekwa.

Jumanne, 4 Agosti
Jenereta imeunguza kompyuta kadhaa. Mkufunzi wetu Fadhili, kijana wa Dar, akatupanga wawili wawili. Mwenzangu ni mgeni aliyechelewa kufika kutoka Malampaka. Nikageuka nimwone. Masanja! Mume wa binti yangu Kabula. Amesimama mlangoni, viatu mkononi, macho chini. Sikujua kama naye aliomba nafasi.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawakai benchi moja. Hatuli chumba kimoja, hatutazamani usoni, tukikutana njiani mmoja anapisha. Leo tugusane mabega juu ya kibodi moja? Nikajifunika kitenge mpaka puani. Masanja akarudi nje.

Fadhili akacheka. "Hapa chuo kikuu, mama, siyo kijijini." Nilitamani kumzaba kofi.

Jumatano, 5 Agosti
Tunapokezana. Yeye akiingia, mimi natoka, nakaa juani na moshi wa jenereta. Kila mmoja anapata nusu ya somo. Ujinga mtupu.

Alhamisi, 6 Agosti
Siku mbaya. Fadhili alitulazimisha kubaki ndani wote. Mimi kwenye kibodi, Masanja nyuma yangu, kajibana ukutani. Niliambiwa nifute faili za mazoezi ya jana. Nikaandika amri. Masanja akakohoa. Nikaendelea. Akakohoa tena, kama mwenye pumu. Kumgeukia siwezi, na yeye kunikataza hawezi. Mkwe atamwambiaje mama mkwe wake kwamba anakosea? Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikakubali.

Kumbe nilikuwa ndani ya folda ya kazi yetu yote. Kila kitu kimekwenda, changu na chake. Darasa zima lilicheka. Fadhili akasema mmoja wetu ajitoe, atakayebaki atafanya jaribio peke yake.

Macho yote yalinigeukia mimi. Siyo Masanja. Mimi.

Jumamosi, 8 Agosti
Nyumbani kumejaa. Baba Kabula kasema nimpishe kijana, yeye ana maisha mbele. Wifi yangu kasema umri wangu ni wa kulea wajukuu. Kabula kaja kutoka Malampaka na mtoto mgongoni, analia. "Mayu, mama yangu, usinitie aibu kwa watu." Ikaniuma hiyo.

Halafu akasema Masanja yuko tayari kujitoa yeye. Huyo naye! Ni karani wa kampuni ya pamba, moja ya hizi zilizokuja baada ya ushirika kulegea, na bosi wake kamwambia asiyejua kompyuta hana kazi msimu ujao. Wajukuu zangu watakula nini? Heshima?

Nimewaambia wote: sitoki. Na Masanja hatoki. Baba Kabula kanuna, hakugusa ugali. Shauri yake.

Jumatatu, 10 Agosti
Nimefika wa kwanza. Nimefunga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa ukutani, nikatundika kitenge. Kimeshuka katikati ya benchi mpaka mezani. Upande huu mimi, upande ule mkwe. Kioo tunakiona wote. Kibodi inapita chini ya kitenge.

Watu wamecheka mpaka basi. Wacheke.

Masanja akaingia, akaona, akakaa. Mara kibodi ikavutwa upande wake. Kwenye kioo ikatokea: SHIKAMOO MAYU. Mashine ikajibu kwa Kiingereza chake kwamba haiijui amri hiyo. Nikaivuta nami nikaandika: MARAHABA. Hiyo pia haiijui. Tumefanya kazi siku nzima namna hiyo, na kazi yote niliyoifuta tumeifanya upya.

Ijumaa, 14 Agosti
Jaribio. Fadhili alikuja na mkuu wake, akaona aibu, akaniamuru niondoe kitenge. Nikamwambia kikiondoka naondoka nacho, na yeye amweleze mkuu wake hapo hapo ni sheria gani ya chuo inayokataza kitenge.

Ndipo Masanja akasema kwa sauti, nyuma ya nguo: "Na mimi naondoka naye." Tangu amwoe Kabula sijawahi kumsikia akipaza sauti mbele yangu. Mkuu akatazama kamba, akatazama msumari, akasema tuendelee.

Nusura nikosee tena kwenye kufuta. Kibodi ikanichomoka mikononi. Kwenye kioo ikatokea: SUBIRI. Nikasoma upya. Kweli, folda siyo yenyewe. Nikahamia nyingine, nikamaliza.

Jumatatu, 17 Agosti
Tumefaulu. Wote wawili.

Kompyuta zimetengenezwa, kila mtu ana yake. Ya Masanja iko chumba cha pili. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na mimi mwenyewe nimeshukuru. Kitenge nimekivaa.

Leo tumeanza somo jipya, la picha na kipanya. Gumu kidogo. Fadhili alipita kwenye madawati, akasimama kwangu, akaniuliza kwa nini nimejibana pembeni wakati benchi lote ni langu. Kumbe bado namwachia mkwe upande wake.

Nikasogea katikati.