Kabati la Runyenjes

Alhamisi, Kianjai

Eti wanafunzi wasivichafue vitabu.

Mwaka mzima sisi wa chuo cha hapa na wenzetu wa Runyenjes tumeandika pamoja kitabu cha udongo na kahawa, cha bure, anayetaka anakili. Tukachapisha nakala kwa ajili ya wanafunzi wasio na simu za kukifungua. Leo nimeenda Runyenjes kuona vile vitabu vinasomwa. Vimefungiwa kwenye kabati la kioo ofisini kwa mkuu wa chuo, vimepangwa kama vikombe vya kandanda.

“Madam, vijana wa siku hizi ukiwapa kitu cha bure wanafungia nacho mandazi,” akaniambia.

Msichana mmoja, Wanja, akabisha hodi akaomba kimoja. Simu yake ni kabambe, ile ya vitufe isiyofungua kitabu. Mkuu akamwangalia mbele ya walimu wote.

“Si ni wewe ulianguka mtihani wa udongo? Kitabu utafanyia nini?”

Walimu wakacheka. Mmoja wao tuliandika naye sura ya mbolea. Ningemmwagia mkuu huyo chai usoni, lakini bila sahihi yake ushirikiano huu unakufa, na chai yenyewe ilikuwa tamu. Nikanywa. Msichana akasema asante, sijui ya nini, akafunga mlango polepole.

Halafu tukapigwa picha mbele ya kabati, tukaombewa, tukala mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa. Mkuu akataka tuandike kitabu cha pili.

Nikakubali. Kabati bado lina nafasi.